Jina la Kaka Kwenye Jiwe

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Na nyingine hii hapa, iweke akiba, maana nakujua: ukifika mwisho wa barua utasema sikukuamkia vizuri. Sisi wazima. Mama amekaa hapa ubavuni kwangu na kikombe chake cha chai, anasema nikuulize kama bado unalala kifudifudi. Macho yake yamezidi kuingia ukungu. Uzi hatungi tena sindanoni, na mimi ananitambua kwa sauti. Juzi kalifokea koti langu lililotundikwa mlangoni, akidhani ni mimi nimesimama pale bila kusalimia. Tulicheka mpaka mwenyewe naye akacheka.

Sasa habari yenyewe. Pale kwenye matanuri ya matofali panajengwa bustani ya kumbukumbu. Bustani ndogo tu: mabenchi matatu, bomba la maji, miti ambayo kwa sasa ni vijiti, na bamba moja kubwa la jiwe lenye majina ya watu wetu waliouawa wakilikimbia jeshi. Kamati ipo. Katibu wake ni yule karani wa maji tuliyekuwa tukimwita Kwa Mujibu, naye hajabadilika, hata akiomba chumvi mezani anaanza na "kwa mujibu wa". Na kazi ya kuchonga, Dada, wamenipa mimi! Hebu nipongeze basi.

Jina la Kaka litakuwemo. Mama mwenyewe kalitaka. Unayajua maneno yake: "Nilimtuma mimi." Kwamba tulikuwa tumeshaishika njia ya juu, yeye akamrudisha Kaka nyumbani akachukue cherehani, na Kaka hakuonekana tena. Tangu hapo umewahi kumwona Mama amekaa mbele ya cherehani? Mshonaji mzima, akawa anashona kwa mkono maisha yake yote. Sasa anasema akiligusa jina la mwanawe kwa vidole vyake, atakuwa amemzika, naye atapumua.

Kamati inataka wakubwa wawili wa kila familia waliridhie jina. Mama ni mmoja. Wa pili ni wewe, maana mimi siku ile nilikuwa mgongoni kwako, kazi yangu kulia tu. Andika mistari miwili, sema unakubali, tia sahihi. Uzinduzi ni Agosti.

Ni mimi mdogo wako, fundi wa mawe asiye na vumbi leo kwa sababu ni Jumapili.


2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na ile ya akiba nayo nimeipokea. Sisi huku tunasukuma siku. Ile mashine kubwa ya kufulia hapa hospitali imekata roho, kwa hiyo mashuka ya wodi zote tunafua kwa mkono kama zamani, na msimamizi wetu anapita nyuma yetu akisema "poleni, poleni" huku mikono kaweka mfukoni. Mpwa wako anaendelea na masomo ya umeme. Kajitia kutengeneza pasi ya jirani, pasi ikatoa moshi, sasa jirani ananiamkia kwa pua. Mwambie Mama silali tena kifudifudi, mgongo umekataa. Matone ya macho nitamtumia na dereva wa basi, yule mwenye mwanya. Ayatie asubuhi na jioni, asiyaweke akiba kama anavyoweka kila kitu.

Hongera kwa kazi. Baba, aliyekufa kabla hatujakimbia, angekuwepo angelizunguka hilo jiwe siku nzima akijidai.

Kuhusu hilo jingine, usiwe na pupa. Yamepita mengi, na siku ile kila mtu alitoka nayo yake. Anza na majina ya wengine kwanza. Jiwe haliendi popote.

Unisalimie wote wanaoniulizia.

Dada yako.


25 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana, imekunjamana utafikiri ilikuja imekaliwa. Matone nayo yamefika. Mama anayatia, ila lazima nisimame mbele yake kama askari.

Umechelewa, Dada. Nimeshachonga. Wala sikungoja orodha ipitishwe. Jiwe liliposhushwa, nikapiga mistari ya chaki, nikashika patasi, na la kwanza kabisa, juu ya yote, nikachonga jina la Kaka. Kwa Mujibu kaja mbio: "Kwa mujibu wa utaratibu..." Nikamwambia kwa mujibu wa patasi, limeshaingia. Mafundi wenzangu wangenicheka, maana hakuna anayeanza na jina lisilopitishwa. Lakini nilimhofia Mama. Asubuhi moja alikuwa ameniuliza mbona sijawasha taa, na dirisha liko wazi, jua limejaa chumbani.

Nikampeleka. Tulikwenda na Bi Pamba, jirani yetu mshona magodoro. Kama umeisahau sura yake, hujausahau mkono wake, maana alitulisha wote wawili Mama alipokuwa hajiwezi. Mumewe na mabinti zake wawili watakuwa kwenye jiwe hilohilo. Mama akapitisha kidole herufi moja moja. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Halafu akasema, "Wamekuandika vizuri, mwanangu," akaegemeza paji la uso kwenye jiwe. Bi Pamba alimshika kiuno mpaka alipomaliza kulia. Siku hiyo Mama alikula akamaliza sahani.

Kwa hiyo imebaki sahihi yako tu. Ila kuna kitu kimenikwaza, nikuambie ukweli. Hukusema unakubali, hukusema hukubali. Wewe ninayekujua ungeniandikia kurasa tatu kuhusu mtindo wa herufi. Ulikuwa umechoka, au?

Mdogo wako.


14 Aprili

Karatasi ya kumsomea Mama:

Mama yangu, shikamoo. Nafurahi matone yanakusaidia. Huku mvua zimeanza, mashuka hayakauki, tunayatandaza hata kwenye korido za ofisi na wakubwa wanapita wameinama. Mashine bado mbovu. Mjukuu wako kafaulu mtihani wake, na pasi ya jirani imepona. Nakukumbuka sana. Usiache kula.

Karatasi yako peke yako:

Mdogo wangu, lifute hilo jina.

Sijakasirika na wala sijachoka. Nakuomba kama mkubwa wako, lifute kabla ya uzinduzi. Mwambie Mama lolote, mwambie jiwe limepata ufa. Sahihi siwezi kuitia, na usinishurutishe kusema kwa nini. Kuna mtu nimempa neno langu.

Usiache kuniandikia.

Dada yako.


6 Mei

Dada,

Leo sikuamkii.

Umesema nilifute. Unadhani nimeandika kwa penseli? Jina la kwenye jiwe halifutwi, Dada. Ni kusaga uso wote wa bamba, upungue unene wa kidole, halafu uanze upya. Na sasa chini ya Kaka yapo majina ya watu. Yupo mume wa Bi Pamba. Wapo mabinti zake, nimewachonga wamefuatana kama alivyotaka, mkubwa anatangulia. Yupo mwashi aliyemfundisha kazi bwana aliyenifundisha mimi. Niwasage wote hao, jamaa zao wanatazama, na nikiulizwa niseme nini? Dada yangu wa mbali kaota ndoto?

Kwa Mujibu ananiandama kila siku kuhusu sahihi yako. Mama ndiye mbaya zaidi, haulizi. Anasema tu, "Labda dada yako ananilaumu. Ana haki, nilimtuma mimi." Unamsikia? Mama anadhani unamnyima mwanawe kaburi kwa sababu ya ile cherehani. Nimemwambia sivyo. Kaniuliza, sasa ni vipi? Nikatoka nje.

Na huyo uliyempa neno lako ni nani, aliye mkubwa kuliko Mama? Nilipokuwa mdogo nikikuuliza habari za siku ile ulikuwa unanipa kazi: kachote maji, kaokote vijiti. Mimi ni mtu mzima sasa, nina mvi kifuani. Usinitume maji. Kama unajua kitu kuhusu Kaka, sema. Kama hujui kitu, tia sahihi umwache Mama azike mtoto wake.

Usiponijibu hili, nitajua nimebaki peke yangu na Mama.


30 Mei

Mdogo wangu,

Karatasi ya kumsomea Mama safari hii haipo. Mwambie basi limeleta mafuta ya kujipaka tu, nimeyafunga humu.

Kaka yako yu hai.

Kaa chini kama umesimama. Yuko mji huu, mitaa miwili kutoka kwangu, anakanda unga kwenye kiwanda cha mikate. Alinijia mwenyewe mwaka juzi. Nimetoka kazini, mtu mzima kasimama kwenye lango la dobi ameshika kofia, nikampita. Akaniita kwa lile jina la utani alilonipa utotoni, ambalo wewe hulijui na sitakuambia. Nilimpiga, mdogo wangu. Nilimpiga kwa kapu la nguo mpaka mlinzi akaja, halafu nikamkumbatia nikakataa kumwachia.

Nilitaka kuandika siku ileile. Akanizuia. Ilimchukua wiki nyingi kunieleza, kidogo kidogo, akiwa ameipa meza macho, na ninakueleza kama nilivyosikia.

Askari walimkuta nyumbani, cherehani iko begani. Wakampiga. Wakamuuliza watu wamekwenda wapi. Unajua kwamba kulikuwa na njia mbili. Sisi tulikuwa njia ya juu, Mama, mimi, wewe mgongoni, na Bi Pamba aliyetangulia nasi na mizigo. Mumewe alibaki nyuma kwenye matanuri na mabinti, kwa sababu yule mdogo alikuwa na homa, akapumzike kidogo ndipo wafuate. Na watu wengine wa mtaa walikuwa wamejificha mlemle. Kaka aliwaona wakati anarudi nyumbani.

Akaonyesha njia ya matanuri.

Anasema alidhani wameshaondoka. Siku nyingine hasemi hivyo. Wakambebesha risasi, akatembea mbele yao, na walipofika pale hakuruhusiwa kugeuza uso. Walimchukua mpaka ng'ambo ya mpaka. Alipowatoroka hakuthubutu kurudi. Kaniambia, "Nitapita vipi mbele ya mlango wa Bi Pamba?" Sasa naye ningemjibu nini? Nilikuwa najua kwamba angeonyesha njia ya juu, mimi na wewe tusingekuwa na mikono ya kuandikiana.

Alinisihi nimwache awe maiti. Nikakubali, Mungu anisamehe, maana nilimwona amekonda mpaka shati linamcheka. Lakini nilipomwambia kwamba umemchonga kwenye jiwe, juu ya wale watu, alisimama akatapika. Kasema lolote jingine sawa, ila asikae nao.

Basi unajua. Nilitaka mzigo huu ukome kwangu. Fanya unavyoona.

Dada yako.


11 Julai

Dada,

Shikamoo. Najua umehesabu mabasi. Barua yako nililala nayo, nikaenda nayo kazini, ikalowa jasho. Wiki nzima ya kwanza sikushika patasi. Nilimwambia Kwa Mujibu naumwa mkono, akaniletea dawa ya kuchua, maskini, na nilikuwa nimemsema vibaya kote mjini.

Nilimchukia Kaka. Acha niseme. Halafu nikawa natoka asubuhi, Bi Pamba yuko kibarazani anachambua pamba, nyuzi zimemjaa kichwani, ananiita, "Fundi, umekunywa chai?" Na mimi naona haya kwamba nina pumzi ya kumjibu. Dada, mimi nimeishi kwa gharama ya watoto wake. Nikimchukia Kaka nitakuwa nataka nini, kwamba angetuonyesha sisi? Nimelizungusha mpaka kichwa kinauma, sijafika popote.

Mama nilimwambia nusu. Nilimwambia yu hai, yuko kwako, alichukuliwa na jeshi akaogopa kurudi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Mama akakishika kikombe kwa mikono miwili. Halafu akauliza, "Anakula?" Nikasema anafanya kazi kwenye mikate, Mama. Akasema, "Mikate si chakula." Ndipo akanizaba kofi, sijui kaulengaje uso wangu, halafu akalia.

Alipomaliza kulia hakutaka kungoja kesho. Kavaa kandambili zisizofanana, kanishika mkono, mpaka kwenye kikao cha kamati. Akasimama mlangoni: "Mwanangu hakufa. Liondoeni jina lake mahali pa wafu." Kwa Mujibu alifunga daftari lake bila hata "kwa mujibu" moja. Na wa kwanza kuinuka alikuwa Bi Pamba. Alimrukia Mama, wakaangukia viti. Alikuwa anapiga kelele, "Mmoja karudi! Mmoja wetu karudi!" Watu wakanishika mikono, wakanipongeza. Mimi nilicheka nao, Dada. Ningefanya nini?

Wakakubali jiwe lisagwe. Nikalisaga mbele yao. Bi Pamba alikaa kwenye benchi akitazama mumewe na mabinti zake wanageuka unga, akasema, "Saga tu, utawaandika tena. Mwenzao kapona." Vumbi lilinisaidia kuficha macho.

Jioni alinifuata karakana. Anasema Kaka ndiye mtu wa mwisho kupita pale, alirudi nyuma yetu sote, kwa hiyo lazima aliwaona. Miaka yote hii hakuwa na mtu wa kumuuliza. Anataka kujua kama homa ya yule binti mdogo ilikuwa imepungua. Anataka kujua kama walikuwa pamoja, au mume alikuwa amewaficha mbalimbali. "Hata kama alisikia sauti tu," kaniambia, "aniambie. Nitashukuru." Kanishika mkono akanitaka niandike mbele yake. Haya maneno yake yameandikwa mbele yake.

Yaliyobaki naandika kashaondoka. Nikidanganya, nitamdanganya mtu aliyenilisha. Nikisema kweli, nitamuua, na Mama nitamuua pamoja naye. Nimewaza nimwambie barua imepotea. Mwambie Kaka. Msomee vyote, usiruke. Kila asubuhi Bi Pamba ananiuliza kama basi limefika.

Mdogo wako.


28 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpwa wako mzima, mashine ya hospitali imepona, na mimi mzima kwa kiasi. Mama msalimie.

Nilimsomea. Alikuja kutoka zamu, unga bado umemshika kwenye nyusi, nikampa chai nikasoma tangu mwanzo mpaka mwisho. Pale Mama alipouliza kama anakula, alijifunika uso na kofia. Pale Bi Pamba alipomrukia Mama, aliniambia, "Acha." Sikuacha, kama ulivyoniagiza. Nilipofika kwenye maswali yake, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena hilo la homa.

Akakaa mpaka chai ikaota utando. Nikamwambia tunaweza kumwandikia kitu cha kumpoza: kwamba walikuwa wamelala, kwamba ilikuwa haraka. Niliisema, sikufichi. Akanitazama kama mtu asiyenijua. "Yule mtoto alikuwa ameshapona," akasema. "Alinipungia mkono nilipopita." Hilo hakuwa amenieleza hata mimi.

Kaaga kazini. Kanunua shati. Barua hii inatangulia na basi la kesho, nimesihi ufikishiwe mkononi; yeye anakuja na la Ijumaa, la dereva mwenye mwanya, litafika kwenu mchana likijaliwa. Nilitaka kufuatana naye, kakataa. Kasema wewe usimwambie Bi Pamba neno, wala usimtayarishe, kila kitu atasema yeye kwa mdomo wake.

Niliogopa kukuandikia hili la mwisho, lakini kaniapisha. Ukimpokea kituoni, usimpeleke nyumbani. Anasema Mama akishamshika mkono, yeye hatakuwa na ubavu tena wa kusema. Kwanza mpeleke kwa Bi Pamba. Mpeleke mpaka mlangoni, umwache aingie peke yake, nawe ubaki nje. Usiingie hata ukisikia nini.

Mama mwambie basi limechelewa.

Dada yenu.